Mimba Mara Tano, Figo Hata Mara Moja

Mtu wa kwanza kunipongeza kwa mimba ambayo sikuwa nayo alikuwa mwalimu mkuu wangu. Aliniita ofisini wakati wa mapumziko ya chai, akaurudisha mlango, akatabasamu kama mtu aliyeshika siri yangu mkononi. Nilikuwa na miaka ishirini na minne, mwaka wa pili kazini, nikifundisha darasa la tatu katika shule ya msingi iliyo juu huko upande wa Kalinzi, ambako kahawa ya watu inaanzia nyuma ya vyoo vya walimu. Sikuwa na mume. Sikuwa na mchumba. Kwetu ni Ujiji, mjini Kigoma, na nilikuwa nashuka nyumbani kwa bodaboda mara moja kwa mwezi, narudi Jumapili na dagaa na chupa ya mawese.

"Mwalimu," akaniambia, "sisi ni watu wazima. Likizo ya uzazi ni haki yako. Ila tujulishane mapema, nipange vipindi."

Nikamuuliza, likizo ya uzazi ya nani? Akaitazama miguu yangu.

Ni kweli, miguu ilikuwa imevimba. Mikanda ya viatu ilikuwa inaniachia mitaro, na ukibonyeza kidole juu ya kifundo shimo linabaki pale, unaweza kuhesabu mpaka kumi halijajaa. Asubuhi uso nao ulikuwa umevimba, macho madogo kama ya mtu aliyelia usiku kucha. Magoti yaliniuma, na viungo vya vidole, mpaka kuna siku niliandika ubaoni kwa mkono wa kushoto na watoto wakacheka. Tena kwenye miundi nilikuwa nimeanza kutoka vidoti vya rangi ya zambarau, haviwashi wala havina usaha. Haya yote nilikuwa nimemweleza mwalimu mkuu mwenyewe wiki mbili kabla, nilipoomba ruhusa ya kwenda zahanati. Katika yote hayo alichosikia ni mimba.

Zahanati niliyokwenda sitaitaja. Nilimkuta nesi mmoja, mama wa makamo. "Mwakeye, mwalimu," akaniamkia kwa Kiha, akaniweka kwenye benchi vizuri. Nikaeleza: miguu, uso, viungo, vidoti. Akauliza siku zangu za mwezi. Nikasema zimechelewa kidogo. Hapo akafunga daftari kabla sijamaliza, akanipa kikopo.

"Nenda kanijazie."

Nikajaza. Akachovya kijiti kimoja, tukangoja. Mstari mmoja. Hakuna mimba. Akautazama ule mstari kama umemkosea adabu, kisha akakichukua kikopo, akaenda nacho kwenye karo na kumwaga. Nakumbuka povu lililobaki juu ya karo, jeupe, zito, kama la sabuni ya unga. Wote wawili tuliliona. Yeye akafungulia maji.

"Labda ni changa," akasema. "Rudi baada ya wiki mbili."

Kwa viungo akanichoma sindano tatu za diklofenaki, ile dawa ya maumivu, moja kila siku, na kunipa vidonge vyake vya siku tano.

Nikarudi baada ya wiki mbili. Kikopo kilekile, kijiti kilekile, karo lilelile. Safari hii aliniuliza kama nina uhakika kwamba sijameza kitu cha kutoa. Nilikuwa nimekaa mbele yake na baibui langu jeusi na mtandio, na akina mama wengine watatu wako kwenye benchi nyuma yangu wanasikiliza. Nikamjibu kwamba mtu ambaye hajapata mimba hana cha kutoa. Akaniambia walimu vijana tuna maneno. Sindano nyingine tatu.

Mara ya tatu ilikuwa mjini, kwenye kliniki ya kulipia, kwa sababu nilidhani mjini wataniona kwa macho mengine. Tabibu alikuwa kijana wa umri wangu, ana simu mbili mezani. Akanipima mimba. Akaniandikia dawa ya minyoo, na diklofenaki tena, ya kupaka na ya kumeza.

Mara ya nne nilipimwa na mama yangu mzazi.

Hii ndiyo iliyoniuma kuliko zote. Nilikuwa nimeshuka nyumbani Ujiji, mtaani kwetu Buzebazeba, miguu siwezi tena kuvaa kiatu. Siku ya pili asubuhi mama akaja chumbani na kifuko cha duka la dawa, akakiweka kitandani bila kunitazama.

"Mwanangu, mimi sitakupiga wala sitakufukuza. Nataka kujua tu."

"Mama, sina mimba."

"Basi pima tuone wote."

Nikapima mbele yake. Tulikaa kitandani tukisubiri mstari wa pili ambao hautoki. Ulipokataa kutoka, mama akalia, na mimi nikakasirika sana, kwa sababu nilijua analia kwa kutua mzigo. Miguu yangu ilikuwa imelala palepale pembeni yake, mikubwa kama ya mtu mwingine, na yeye ametua mzigo! Nikamwambia, "Umefurahi kwamba si aibu. Kama ni kifo je?" Nisingesema vile leo. Lakini nilisema.

Ndipo akanipeleka hospitali kubwa mjini. Pale mapokezi nikapimwa mara ya tano, kwa utaratibu, wakasema, kila mwanamke wa umri wangu lazima. Sawa. Lakini pale kulikuwa na daktari mwanamume, mfupi, mpole, anayesema polepole. Aliposikia nesi anasema "hana mimba" na kunyanyua kikopo, akanyoosha mkono.

"Usimwage. Lete hapa."

Akakiinamisha kidogo mbele ya dirisha, akatazama lile povu. Akachukua kijiti cha aina nyingine, chenye viraka vya rangi vingi, akachovya. Haikufika hata dakika mbili.

"Mkojo wako una protini nyingi sana," akasema. "Na damu. Hii ni figo. Nani mwingine amewahi kukupima hivi?"

"Hakuna."

"Umeumwa tangu lini?"

"Huu ni mwezi wa tano naumwa."

Akaandika. Kisha akapima presha yangu, akapima tena mkono wa pili, akaita nesi aje ahakikishe. Presha ya mzee, kwa binti wa miaka ishirini na minne. Akaniuliza dawa nilizotumia. Nilipofika kwenye diklofenaki akaweka kalamu chini.

"Sindano ngapi?"

"Sita. Na vidonge na ya kupaka."

"Usiguse tena hiyo dawa. Hata mtu akikupa bure. Figo inayougua ukiipa hiyo ni kama kuichapa."

Damu ilichukuliwa siku ileile. Kesho yake nikaitwa, mama akiwa nami. Yule daktari akasema figo zinafanya kazi kama nusu ya inavyotakiwa, na kwamba amepima vitu vingine kutafuta chanzo, na amekiona. Nina homa ya ini, aina ya C.

Mama akauliza, "Ini au figo? Mbona jana ulisema figo?"

Akatueleza vizuri. Virusi vinakaa kwenye ini kwa miaka, kimyakimya. Mwili unapigana navyo, na katika kupigana unatengeneza uchafu fulani kwenye damu. Uchafu ule ukipita kwenye figo unaziba na kuchubua vile vichujio vidogo, protini inavuja, maji yanabaki mwilini. Uchafu huohuo ndio unaoumiza viungo, ndio unaotoa vidoti vya zambarau kwenye miundi. Kwa hiyo vyote nilivyokuwa navitaja kwenye kila benchi, kimoja baada ya kingine, vilikuwa kitu kimoja, na nilikuwa nimeitoa hadithi nzima kwa mdomo wangu mara tano.

Palikuwa na msaidizi wa kike anayejaza fomu. Akauliza bila kuinua kichwa, "Pombe unakunywa kiasi gani?"

"Sinywi."

"Hata kidogo? Ini haliharibiki hivihivi."

"Sinywi. Sijawahi kuonja."

"Una wapenzi wangapi?"

Mama akasimama. Mama yangu si mtu wa kusimama ofisini kwa watu. Akasema, "Dada, mwanangu amejibu. Andika alichojibu." Yule daktari akamwambia msaidizi atoke, akaichukua fomu na kuijaza mwenyewe. Akatuambia ugonjwa huu unapita kwa damu: sindano isiyo safi, kuongezewa damu isiyopimwa, wembe, kuchanjwa, kutogwa. Akauliza kama utotoni niliwahi kukatwa chochote na fundi wa mtaani.

Mama akakaa polepole. "Kimio," akasema.

Nilikuwa na miaka mitano, dada yangu minane. Tulikuwa tunakohoa wote wawili, kikohozi cha kutapika, na majirani walisema ni kimio kirefu, kinagusa ulimi, watoto watakufa. Akaitwa fundi, mzee mwenye mkoba wa ngozi. Mimi nakumbuka mikono ya watu kichwani mwangu na ladha ya chuma, na dada akiwa ameshakatwa, ameinama anatema damu kwenye beseni la bluu. Alitumia kisu kimoja kilichopinda. Alikifuta kwa kitambaa.

Daktari akasema hawezi kuapa kwamba ndicho, inawezekana ni kingine, hakuna anayeweza kujua sasa. Lakini mama alikuwa ameshajihukumu. Tuliporudi nyumbani alikaa uani na beseni la dagaa wa kuchambua akawa anachambua waliokwisha kuchambuliwa. Mimi nilikuwa na hasira naye, siwezi kudanganya, siku mbili nzima. Kisha hasira ikaondoka kwake ikaenda kwingine. Mama alitupeleka kwa fundi kwa sababu watoto wake walikuwa wanakohoa na alitaka wapone. Hakusoma chuo chochote. Yule nesi alisoma. Yule kijana wa simu mbili alisoma, na cheti amekitundika ukutani.

Nilipelekwa Mwanza kwa daktari bingwa wa figo. Basi lilitoka alfajiri, nikafika jioni miguu imejaa mpaka magotini. Bingwa alikuwa mwanamke mwenye nywele nyeupe pembeni. Walichukua kipande kidogo cha figo kwa sindano ndefu mgongoni, nikalala chali siku nzima natazama dari. Majibu yakathibitisha alichosema daktari wa Kigoma. Nikapewa vidonge vya kuua virusi, kimoja kila siku kwa wiki kumi na mbili, na vingine vya presha vinavyolinda figo, na vya kutoa maji. Chumvi karibu hakuna. Mitishamba hakuna kabisa. Watu wa bima walikaa na karatasi zangu wiki tano kabla ya kukubali vile vya wiki kumi na mbili. Nilipiga simu kila asubuhi. Kuna siku mmoja aliniambia, "Dada, ini si dharura." Nikamwambia figo zangu hazijapata hiyo taarifa. Akakata simu.

Kazini nilirudi nikiwa kwenye wiki ya nne ya dawa. Karatasi ya daktari nilimkabidhi mwalimu mkuu kwenye bahasha iliyofungwa. Sijui ilifunguliwa mbele ya nani. Ninachojua ni kwamba siku ya kwanza ya chai nilikuta vikombe vyetu vimepangwa kwenye sinia kama siku zote, isipokuwa kimoja kimewekwa peke yake dirishani, kimepakwa alama ya rangi ya kucha, nyekundu.

"Hiki cha nani?" nikauliza.

Mwalimu wa darasa la kwanza, ambaye tulikuwa tunapika pamoja, akasema, "Ni tahadhari tu, mwalimu. Usijisikie vibaya."

"Homa ya ini C haiambukizi kwa kikombe. Wala kwa kijiko, wala kwa kukaa, wala kwa kushikana mikono. Ni damu kwa damu."

"Hatukatai," mwalimu mkuu akasema, "lakini ini ni ini."

Miezi minne kabla, mwanamume huyu alikuwa tayari kunipangia likizo ya uzazi kwa kutazama miguu tu. Sasa karatasi ya daktari iko mezani kwake, ina mhuri, na haiamini. Nikakichukua kile kikombe cha dirishani, nikakirudisha kwenye sinia katikati ya vingine, nikamimina chai, nikanywa nimesimama. Hakuna aliyegusa sinia tena siku hiyo. Mwezi mzima walinunua chai kwa mama muuza maandazi nje ya geti. Mimi nilikunywa chai ya ofisini peke yangu, na ilikuwa nyingi.

Likizo ilipofika nikapita kwenye ile zahanati. Nilikuwa nimeazimia kugomba. Nesi alinikumbuka, akafurahi, akasema nimepungua. Nikamwambia nilikuwa naumwa figo, na kwamba mkojo alioumwaga mara mbili ndio uliokuwa na majibu.

Uso wake ukabadilika. "Sasa mimi ningejuaje?"

"Kwa kuchovya kijiti cha pili."

"Vijiti hivyo tunavyo vichache. Tunawawekea wajawazito."

Ili mkojo wangu upimwe protini, ilibidi kwanza niwe na mimba. Aliyasema bila ubaya, kama mtu anayekuonyesha choo kiliko. Niligombana naye hata hivyo, kwa sauti, akina mama wa kwenye benchi wakasikiliza kama walivyonisikiliza mwanzo. Mwisho akaniambia, "Mwalimu, andika barua. Mimi nimeshaomba mpaka nimechoka." Niliandika. Niliandika mbili. Sijajibiwa.

Baada ya dawa kuisha nikasubiri miezi mitatu, nikapimwa: virusi havipo. Protini imeshuka sana, vidoti vimefutika, viatu vyangu vya zamani vinanitosha. Figo hazikurudi zote. Bingwa aliniambia wazi kwamba sehemu iliyopata kovu haifufuki, na kwamba ningekuja miezi mitano mapema, na bila zile sindano, tungekuwa tunazungumza mengine. Nitapimwa maisha yangu yote. Nina miaka ishirini na sita.

Lililobaki lilikuwa dada yangu. Ameolewa Rusimbi, si mbali na kwetu, ana watoto wawili. Tangu siku ile ya kimio kutajwa, nilimwambia apimwe. Alikubali, kisha akanyamaza, kisha akaanza kukwepa simu zangu. Nikaenda kwake. Shemeji alikuwa sebuleni, akanikaribisha soda, akasikiliza mpaka mwisho, halafu akasema:

"Shemeji, wewe uliumwa, tumekuombea, umepona, alhamdulillahi. Mke wangu mzima. Usimtafutie ugonjwa."

"Mimi nami nilikuwa mzima, shemeji. Miaka kumi na tisa."

"Na akikutwa nao, watu watasema ameutoa wapi?"

"Watasema? Au utasema wewe?"

Dada alikuwa amesimama mlangoni na mwanawe mgongoni, anatazama sakafu. Shemeji akainuka, akasema anawahi swala, ingawa adhana ilikuwa bado. Niliondoka pale bila kumaliza soda. Mtu anajali namna watu watakavyouliza, ini la mke wake linamhusu nani?

Nilimweleza mama. Alimaliza kukunja nguo, akavaa baibui, akasema twende. Tulimkuta shemeji amerudi, anakula. Mama akapiga hodi, akaingia, akasalimiwa shikamoo, akaitikia, akakataa kukaa.

"Baba," akamwambia, "huyu nilimpeleka mimi kwa fundi, akiwa na miaka minane. Sikumuuliza yeyote. Leo nampeleka mimi tena hospitali. Ukitaka kujua ameutoa wapi, ameutoa kwangu. Watu wakiuliza, watume kwangu, nyumba yangu unaijua."

Shemeji akabaki na tonge mkononi. Dada akaingia ndani, akatoka na mtandio.

Alikutwa nao. Aliposomewa majibu hakulia, alimgeukia mama akamshika mkono, na mama ndiye aliyelia. Mkojo wake ulipimwa siku ileile, kwa kijiti kile cha rangi nyingi, na figo zake ni nzima. Alianza dawa kabla ya mwezi wa Ramadhani, akamaliza, na majibu yake ya mwisho ni safi. Watoto wake wamepimwa, hawana. Mama amepimwa, hana. Shemeji naye alikwenda kupimwa kimyakimya, bila kuaga mtu, akakutwa hana, na jioni ile akatangaza majibu yake mezani kwa sauti kubwa, mbele ya mkewe aliyekuwa bado anameza vidonge, kana kwamba ameshinda kitu.

Dada akamuuliza kama anaongezewa wali.